Biafra, Anjouan na Makaburi ya Ng'ambo ya Korongo

Mpanda, Jumatano. Baridi ya Juni imekaza tangu alfajiri, na upepo unaleta vumbi la mtaa wetu wa Makanyagio mpaka ndani ya kikombe cha chai. Nimefunga dirisha, nimevaa sweta mbili, nimekaa kuandika.

Naomba radhi kwa kimya changu. Niliahidi hapa kwamba baada ya makala yangu kuhusu undumilakuwili wa mataifa makubwa ningeandika sehemu ya pili, na tangu siku hiyo sijaandika hata sentensi moja. Baadhi yenu, hasa wale niliowafundisha, mmeniuliza kama ninaumwa. Siumwi. Nilikwama katika jambo la hapa mtaani, nami sina desturi ya kuandika juu ya jambo ambalo bado linanishinda.

Leo halinishindi tena. Linaniogopesha tu.

Nianze na makala ile, kwa ajili ya wale ambao hawakuisoma. Nililalamika kwamba wakubwa wa dunia wana vipimo viwili kuhusu watu wanaotaka kujitenga. Kosovo ilipojitangazia uhuru, Marekani na nchi nyingi za Ulaya ziliipokea, na Urusi ikasema mipaka ya Serbia ni kitu kisichoguswa. Miaka michache baadaye Urusi iliichukua Krimea kutoka Ukraine, ikautaja mfano wa Kosovo, na waliokuwa wameipokea Kosovo wakasimama kutetea mipaka. Hispania haijaitambua Kosovo hadi leo, na kila anayezifuatilia habari za Katalonia anajua ni kwa nini. Somaliland nayo ina fedha yake, polisi wake na chaguzi zake kwa zaidi ya miaka thelathini, na karibu dunia nzima bado inaiandika kama mkoa wa Somalia.

Sikusema kwamba mambo hayo yanafanana. Krimea iliingiwa na askari wa nchi jirani, na hilo ni jambo jingine kabisa. Nilisema tu kwamba sababu inayotolewa hadharani mara nyingi siyo iliyoamua. Wanaojitenga na hasimu wetu huitwa wapigania uhuru. Wanaojitenga na rafiki yetu huitwa waasi.

Mlinisifu sana. Mmoja wenu aliandika kwamba nimewavua nguo wakubwa. Nilifurahi, nikamsomea mwanangu maneno hayo kwenye simu.

Sehemu ya pili ilipaswa kuihusu nchi yetu wenyewe, kwa sababu sioni haki ya kuwasema Warusi na Wamarekani huku tukijiacha nje.

Mimi nilizaliwa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Nilipokuwa mtoto mdogo, Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo kwa msaada wa Ubelgiji, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imeondoka kama mkoloni. Nakumbuka familia moja iliyovuka na cherehani na mbuzi, ikalala kwenye baraza ya nyumba yetu. Baba alimuuliza mwanamume wa familia hiyo wanakimbia nini. Alijibu kwa neno moja: "Shaba." Mimi nilidhani ni mnyama. Nilikuwa nimekwisha kuwa mwalimu nilipoelewa kwamba alikuwa amejibu kwa usahihi kabisa, na kwamba laiti chini ya ardhi ile pasingekuwa na kitu, pengine Ubelgiji isingeujali uhuru wa mtu yeyote wa Katanga.

Nikiwa kijana wa shule, Tanzania iliitambua Biafra, iliyokuwa imejitenga na Nigeria, kabla ya nchi nyingine yoyote. Mwalimu wetu alitueleza kwamba umoja wa nchi upo kwa ajili ya watu, na kwamba watu wanaouawa ndani ya nchi yao hawawezi kulazimishwa kuendelea kuiita yao. Tulishangilia. Miaka arobaini baadaye, nami nikiwa mbele ya darasa, askari wetu walikwenda Anjouan, kisiwa cha Komoro, kusaidia kumwondoa kiongozi aliyekuwa amekiweka kisiwa hicho nje ya mamlaka ya serikali yake. Msichana mmoja, Anastazia, alinyoosha mkono: "Mwalimu, mbona Biafra tulisema ndiyo?"

Niliwataka wote waandike insha juu ya swali hilo. Nilizisoma zote. Wengine walisema Biafra watu walikuwa wanakufa na Anjouan hawakuwa wanakufa. Wengine walisema Biafra ilikuwa mbali na Anjouan iko jirani. Mmoja alisema labda viongozi walikuwa wamechoka. Sikupata jibu lililonitosha, nami sikuwa nalo.

Hapo ndipo nilipotaka kuanzia sehemu ya pili. Kisha chama chetu cha kuzikana kikaniwahi.

Kwa wasiotujua: hapa mtaani kila nyumba imo katika chama cha kuzikana. Chama kina maturubai, viti, masufuria makubwa na vifaa vya kuchimbia. Mtu akifa, vitu vinakwenda msibani siku hiyohiyo. Chama chetu kina pande mbili. Upande wetu ni huu wa nyumba za zamani, wengi wetu tukiwa Wakonongo, Wabende na Wafipa. Upande wa pili ni ng'ambo ya korongo, ambako familia za Kisukuma zilizokuja na ng'ombe zao kutoka kaskazini zimejenga, na sasa wengi wanafanya biashara ya mpunga unaolimwa Majimoto. Makaburi tuliyanunua pamoja, nayo yako ng'ambo, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na ardhi.

Tuna desturi moja ninayoipenda kuliko kifungu chochote cha katiba ya chama. Waliofiwa hawachimbi. Msiba ukiwa upande wetu, wanaume wa ng'ambo ndio wanaochimba kaburi. Ukiwa ng'ambo, tunachimba sisi. Wenye uchungu wanakaa, na wenye nguvu siku hiyo wanashika beleshi.

Kaburi la mke wangu Veronika lilichimbwa na watu wa ng'ambo. Nafasi iliyo kando yake ni yangu.

Mwezi wa tatu, vijana wa mtaa wa Majengo walijitenga na chama chao. Walisema wazee wao hawawasikilizi. Walikuja kwetu, na mwenyekiti wetu, Mzee Fidelis, aliwapokea kabla hawajamaliza kujieleza. Aliwakopesha masufuria. Alisimama akasema kwamba mtu hafungwi kamba katika chama asichokitaka. Tulipiga makofi, nami nilipiga. Ni lazima niongeze kwamba Fidelis na mwenyekiti wa Majengo hawajasalimiana tangu wagombane kwenye mkutano wa shule, na kwamba kila mmoja aliyekuwa anapiga makofi alilijua hilo.

Mwezi wa nne, Masanja alisimama katika mkutano wetu. Masanja ni mnunuzi wa mpunga, mtu wa makamo, mpole wa sauti, na ndiye anayesikilizwa ng'ambo. Alisema upande wao unaomba kuwa na chama chao. Masika korongo likijaa, vitu havivuki, na wamezika mara nyingi kwenye mvua bila turubai. Uongozi haujawahi kutoka kwao. Na katiba yetu inakataza kuchinja ng'ombe msibani, kwa nia njema ya kuwalinda maskini wasishindane, lakini kwao kumzika mama bila kuchinja ni kumfukuza.

"Hatugombani na mtu," alisema. "Tunaomba tu tugawane vyombo, na makaburi tuyatunze sisi kwa kuwa yako kwetu. Nyie mtaendelea kuzika pale kama kawaida."

Fidelis alikuwa amesimama kabla Masanja hajaketi.

"Chama hakigawanywi! Leo wao, kesho kila nyumba itataka chama chake, tutazikana na nani?"

Mtu mmoja nyuma akauliza, kwa sauti ya kunong'ona iliyosikika na wote: "Na wale wa Majengo je?"

"Wale walikuwa wanaonewa."

"Na hawa?"

"Hawa wamechochewa. Kuna tajiri wa mpunga Majimoto amewaahidi maturubai mapya. Mnadhani sijui?"

Nilikaa kwenye kiti changu nikihisi kwamba maneno hayo nimeyasikia mahali. Nilikuwa nimeyaandika mwenyewe, kwenye makala ile, nikiyaweka katika vinywa vya mawaziri wa nchi za mbali.

Shauri lilipelekwa kwa wazee watatu, kama katiba inavyotaka: Fidelis, Mama Editha anayetunza masufuria, na mimi. Sisi tunapendekeza, kisha wanachama wote wanaamua kwa kunyoosha mikono. Fidelis alisema hapana palepale. Mama Editha alisema ndiyo palepale, akaongeza: "Nyie wanaume mnagombania masufuria hata kuyasugua hamjui." Mimi niliomba muda.

Muda huo ndio kimya mlichokilalamikia.

Nataka niandike ukweli wa nilichokifanya katika muda huo. Nilitunga hoja za kuwakatalia. Nilizitunga vizuri, maana ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Nilijiambia kwamba umoja wa makabila ni urithi wetu Watanzania. Nilijiambia kwamba hawa ni wageni, ingawa watoto wao wamezaliwa katika hospitali ileile walimozaliwa wajukuu zangu. Nilijiambia kwamba wakati haujafika. Nilikuwa ninatembea asubuhi mpaka kwenye ukingo wa korongo, ninasema hoja zangu kwa sauti, ninarudi nimeridhika.

Chini ya hoja zote kulikuwa na kaburi moja. Sikutaka Veronika alale mahali ambapo nitahitaji ruhusa ya mtu kuingia.

Makaburi yale ndiyo shaba yetu.

Kisha mama yake Masanja akafariki. Alikuwa bibi mnene, mcheshi, aliyekuwa akiniita "shemeji" kwa sababu tu Veronika alikuwa akimpa mbegu za maboga. Alikufa Ijumaa asubuhi, na habari ikatufikia kabla ya saa sita. Fidelis alitangaza kwamba vitu vya chama havitavuka korongo mpaka ombi la kujitenga litakapofutwa. Aliwaambia na vijana wetu wasiende kuchimba. Alisema si kwa ubaya, ni ili waone faida ya umoja.

Wakubwa wana neno zuri kwa jambo kama hilo. Wanaliita vikwazo, na husema vinawalenga viongozi tu. Hapa vilimlenga bibi aliyekwisha kufa.

Nilivuka korongo kwa miguu, nimevaa koti. Katikati ya daraja la mbao nilipitwa na bodaboda. Kati ya dereva na abiria kulikuwa na sufuria kubwa la chama, limefungwa kwa mpira, na abiria alikuwa Mama Editha, amelikumbatia kama mtoto anayepelekwa kliniki.

"Mwalimu, tembea!" alinipigia kelele. "Jingine linakuja nyuma!"

Msibani watu walikuwa wamekaa chini ya maturubai ya kuanikia mpunga, yale ya buluu, yamefungwa kwenye miti kwa kamba za katani. Makapi yalikuwa bado yameshika kwenye mishono, na kila upepo ulipopiga yaliwadondokea waombolezaji kichwani. Masanja alinijia.

"Shikamoo, Mwalimu. Karibu. Leo viti vya chama vimesafiri, utakaa kwenye gunia."

Nilikaa kwenye gunia. Baadaye nilimuuliza taratibu kuhusu tajiri wa Majimoto, kama ni kweli.

"Kweli kabisa. Ametuahidi maturubai mawili. Kwani nyie wale wa Majengo mliwapa nini?"

"Masufuria."

"Basi." Alicheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye hajalala. "Yeye anataka tumuuzie mpunga. Nyie mlitaka nini?"

Tulikuwa tumetaka kumkomoa mwenyekiti wa Majengo, na Masanja alilijua hilo kama mimi.

Nilikwenda makaburini kabla ya jeneza. Nilitarajia kuwakuta majirani wakichimba. Niliwakuta wana wa marehemu wenyewe, wadogo watatu wa Masanja, ndani ya shimo, wameweka mashati kando. Majirani walikuwa wamesimama pembeni na walikuwa wameomba mara kadhaa kupokea mabeleshi, lakini yule mkubwa alikataa. Alisema kazi hiyo ni ya watu wa upande wa pili, na kama watu wa upande wa pili hawakuja, basi ataifanya mwenyewe ili ijulikane.

Katika miaka yote ya chama chetu sikuwahi kumwona mtu akimchimbia mama yake.

Niliomba beleshi. Kijana alinitazama, akanipa. Nilitoa udongo kidogo tu, mgongo ukakataa, nikamrudishia. Hakuna aliyecheka wala aliyenishukuru, na wote walikuwa sahihi.

Nilipotoka pale nilipita kwa Veronika. Hapa pia nitaandika kama nilivyoona, ingawa ningependa kuandika vinginevyo. Maua niliyopanda pembeni yalikuwa yameliwa mpaka kwenye mizizi. Kwenye udongo wa kaburi kulikuwa na alama za kwato za ng'ombe, mpya, zimezama. Ng'ombe wa ng'ambo hupitishwa pale wakienda kunywa maji. Hofu yangu haikuwa ya kubuni.

Nilisimama hapo kwa muda nikijaribu kukasirika, maana hasira ingenirahisishia kazi. Kwato zile zilikuwa hoja nzuri kuliko zote nilizozitunga ukingoni mwa korongo. Lakini sikuweza kuiondoa machoni picha ya wale ndugu ndani ya shimo.

Nimelifikiria jambo hili tangu siku hiyo, na nimefika mahali pa kusimama.

Siamini kwamba kila anayetaka kuondoka aachiwe tu aende. Nchi za Afrika zilikubaliana kuiheshimu mipaka iliyochorwa na wakoloni, na hazikufanya hivyo kwa ujinga; zilijua damu itakayomwagika kila mlima ukitaka bendera yake. Fidelis naye si mjinga. Hofu yake ya kila nyumba kuwa na chama chake ni hofu ya kweli. Lakini mwenye kuamua juu ya haki ya wengine anapaswa kwanza kuyataja maswali yake, kisha awaulize wote, rafiki na hasimu, bila kubadilisha hata moja. Je, walisikilizwa kabla ya kuomba kuondoka? Je, wanaomba wenyewe, au kuna mtu anayesema kwa niaba yao huku ametazama shaba? Je, watawafanyia nini wale watakaobaki ndani ya mpaka wao mpya bila kupenda?

Niliwauliza vijana wa Majengo maswali hayo, mmoja mmoja, wiki iliyopita. Niliwauliza na watu wa ng'ambo. Watu wa ng'ambo wamejibu vizuri zaidi, isipokuwa swali la mwisho. Hao watakaobaki ndani ya mpaka wao ni wafu wetu, na jibu la swali hilo liko kwenye kwato zile.

Kwa hiyo jana nilimfuata Masanja kwenye mashine ya kukobolea mpunga. Kelele za mashine zilikuwa nyingi, ikabidi tutoke nje. Nilimwambia nitasema ndiyo, kwa masharti mawili. La kwanza, makaburi yazungushiwe uzio, ng'ombe wapitishwe kwingine, na mlango usiwe na kufuli. La pili, desturi ya kuchimba ibaki. Vyama viwe viwili, vyombo vigawanywe, wachinje ng'ombe wakipenda, lakini sisi tuendelee kuwachimbia na wao waendelee kutuchimbia.

Alichukua punje za mpunga kiganjani, akazipekecha, akazipuliza.

"La uzio ni haki, Mwalimu. Nitawaambia watu wangu kuhusu kwato, na nitaona aibu wakati ninawaambia." Akatazama pembeni. "La kuchimba, sijui. Wadogo zangu bado wana malengelenge mikononi. Unataka niwaambie wakawachimbie watu wa Fidelis?"

"Ndiyo."

"Utakuja kuwaambia wewe?"

Nilisema nitakuja. Nitakwenda kesho.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa Fidelis, nisije nikapoa njiani. Tumejuana tangu tukiwa vijana, alinisimamia siku ya ndoa yangu. Nilimweleza kwamba Jumapili nitapendekeza ndiyo, na kwamba mbele ya wanachama wote nitasema: ama ng'ambo waondoke kwa heri, ama vijana wa Majengo warudishwe kwao na masufuria yarudi stoo. Nitakubali mojawapo. Sitakubali yote mawili kwa pamoja.

Alisema kwa sauti ya chini, bila ukali wowote:

"Na Veronika? Unawaachia Veronika?"

Ni maneno yaleyale niliyokuwa nikijiambia ukingoni mwa korongo, lakini sikuwahi kuyasikia yakitoka katika kinywa cha mtu aliyemjua. Niliangalia viatu vyangu. Nilimwambia kwamba Veronika hataondoka pale alipo, nami nitakwenda palepale, na kwamba sitaki kulala kando yake juu ya hila niliyowafanyia watu waliomchimbia.

Fidelis aliinuka. Alinisindikiza mpaka barabarani, kama anavyofanya siku zote, na tukaagana kwa mikono miwili. Sijui Jumapili atasema nini. Ana watu wengi nyuma yake, na nyumba za upande wetu ni nyingi kuliko za ng'ambo. Inawezekana kabisa nikasimama, nikasema yote haya, na mikono ikanyooshwa kunipinga. Inawezekana pia ng'ambo wakayakataa masharti yangu, nikabaki mtu asiye na upande, jambo ambalo katika umri wangu linachosha.

Sitabadilika. Nimewahukumu wakubwa wa dunia nikiwa nimekaa kwenye kiti hiki, mbele ya dirisha hili, na haikunigharimu kitu. Safari hii kipimo ni kilekile, na gharama iko ng'ambo ya korongo, kwenye kaburi lililoliwa maua.

Anastazia, kama bado unasoma hapa: swali lako bado silijui jibu lake lote. Ila naweza kukuambia jinsi inavyokuwa kwa yule anayeulizwa. Anakuwa na sababu nzuri sana, na zote anaziamini.

Kesho nitakwenda kukaa na wale wana wa marehemu, nitazame mikono yao, niwaombe kitu ambacho sina haki ya kuwaomba. Jumapili tutanyoosha mikono. Uamuzi ukishatoka, vyovyote utakavyokuwa, nitauandika hapa kabla sijala. Nikichelewa tena, msiniulize kama ninaumwa. Njooni Makanyagio, vukeni lile daraja la mbao, mtazame ni nani ameshika beleshi.